Sauti Iliyochelewa Siku Arobaini na Moja

Jumanne ya kliniki ya presha, dirisha la dawa lilifunguliwa saa mbili na dakika kumi, kwa sababu komeo lilikuwa limevimba na mfamasia ilibidi aligonge kwa kisigino cha kiatu. Kisha akapanga vitu vyake kwenye ubao wa dirisha kama kawaida: mkasi, bahasha ndogo za kaki, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiondoke na watu. Wagonjwa thelathini na wanane walikuwa wamekaa kwenye mabenchi manne. Mabenchi hayo yalitengenezwa na Fundi Randa, seremala wa mtaa wa nyuma, miaka sita iliyopita, na mpaka siku hiyo hakuna hata moja lililokuwa linayumba. Hayo hayawezi kusemwa juu ya kitu kingine chochote pale kituoni.

Fundi Randa mwenyewe alikuwa amekaa mwisho wa benchi la pili. Hakuwa na presha. Alimsindikiza mkewe.

"Nyinyi mliokuwa mnakunywa ile nyeupe," mfamasia alitangaza, "nyeupe hakuna tena. Kuanzia leo ni hii ya kijani. Kimoja asubuhi, na maji mengi."

"Nyeupe ilikosa nini?" aliuliza mzee mmoja wa benchi la mbele.

"Haijakosa kitu, mzee wangu. Wakubwa wamebadilisha."

"Haya. Wakubwa wakibadilisha, sisi ni kumeza tu."

Watu wakacheka, wakapanga foleni. Kila mgonjwa alipewa vidonge saba vya wiki. Vidonge vilikuja kumi kumi kwenye karatasi inayong'aa kama bati, kwa hiyo mfamasia alikata saba kwa huyu, akachukua vitatu vilivyobaki na kuongeza vinne vya karatasi nyingine kwa yule. Mwisho mmoja wa kila karatasi palikuwa pamegongwa namba ya toleo, ndogo kama mayai ya chawa, ya kuonyesha dawa ilitengenezwa katika kundi gani na lini. Aliyepata mwisho huo alikwenda nyumbani na namba. Aliyepata kipande cha katikati alikwenda na vidonge tu. Hivyo ndivyo dawa ilivyogawiwa siku zote, na hakuna aliyewahi kuulizia.

Mke wa Fundi Randa alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa. Alianza wiki ya harusi, alipogundua kwamba mumewe aliishia darasa la pili na kwamba maandishi kwake ni kama misumari iliyomwagika: anaiona yote, hajui aanze kuokota upi. Hakumwambia neno. Alianza tu kusoma kwa ajili ya watu wawili. Alisoma magunia ya unga, makopo ya gundi, matangazo ya mikutano, gazeti lililofungiwa bawaba. Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo hakuwa na jina la kumwitia mume kama wenzake walivyofanya. Alimwita Baba Nanii. Mtaa mzima ukaona sawa.

Jumanne iliyofuata mkewe alifika dirishani, akafungua mdomo, akapokea bahasha yake na kurudi kukaa. Alipokwisha kukaa, salamu yake ikasikika kule dirishani alikosimama.

"Hujambo, mwanangu? Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, mama," mfamasia akajibu, huku akimhudumia mtu mwingine.

Wote waliokunywa ya kijani walikuwa hivyo. Neno lilitoka mdomoni bila sauti, kisha sauti ilifika baadaye, mahali pale pale liliposemwa. Mwanzoni ilikuwa kama muda wa kuvaa viatu. Baada ya wiki tatu ilikuwa nusu siku. Mtaa ulizoea. Muuza mkaa alijifunza kuwauliza wateja jioni watakachotaka kesho. Wifi wawili wa nyumba ya kona waligombana Jumatatu, wakapatana Jumatano, na Alhamisi wakiwa wanakunywa chai pamoja mlangoni matusi ya Jumatatu yakawasili, mazito, ya ukoo mzima. Waliyasikiliza mpaka yakaisha.

"Hayo ni ya Jumatatu," mmoja akasema, na hilo likasikika baada ya siku tatu.

Nyumbani kwa Fundi Randa ilibidi mazungumzo yawekewe utaratibu. Asubuhi mkewe alisema anayotaka kusema, mumewe akienda karakana. Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba, hatua kumi kutoka pipa la maji. Jioni walikaa wote wawili mlango wa jikoni na kusikiliza ya asubuhi. Mkewe alicheka mizaha yake mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameshaisahau. Fundi alikuwa na penseli sikioni muda wote, na mistari anaijua hata kama herufi hazijui. Kila mkewe alipochezesha midomo kwa jambo la maana, alichora mstari kwenye fremu ya mlango. Kila siku ilipopita bila sauti kufika aliongeza mwingine. Sauti ikifika, anafunga kwa mstari wa kukatiza. Baada ya mwezi mmoja fremu ilikuwa imejaa kama rula.

Mfamasia aliyaona hayo kwenye foleni yake, na alijua kazi yake si kukata vidonge peke yake. Kwenye droo alikuwa na fomu za madhara ya dawa, kitabu kizima, kilichotumwa na ofisi ya dawa na kuwekwa chini ya chaja ya simu. Alikifuta vumbi. Kati ya mgonjwa na mgonjwa alijaza: umri, siku alipoanza dawa, siku dhara lilipoanza, sauti inachelewa kwa muda gani. Kwa mke wa seremala alikwenda mwenyewe nyumbani na kunakili mistari ya mlangoni. Zilifika fomu kumi na saba. Ilibidi zipite mezani kwa Mganga Mkuu wa kituo ili zigongwe muhuri.

"Dada yangu," Mganga Mkuu alimwambia, akizipima uzito kwa kiganja, "presha zao zimepanda?"

"Zimeshuka, bosi. Zote."

"Sasa unaripoti nini?"

"Sauti zao."

"Dawa ya presha ni ya kuongelea?"

"Hapana."

"Basi. Mtu presha imeshuka, wewe unatafuta kasoro. Unajua tukiandikwa vibaya wanapunguza mgao? Sisi tunagawa. Kuna wenzetu wamewekwa kuangalia."

Hata hivyo aligonga muhuri, kwa sababu muhuri ulikuwa karibu na mkono wake na kugonga kulimaliza maongezi. Mfamasia alizituma fomu siku hiyo hiyo.

Wakaguzi walikuja Jumanne ya wiki ya sita, wawili, na gari lililoachwa linanguruma nje ili lisipoteze ubaridi. Mmoja alikuwa na tai, mwingine alikuwa na ubao wa kuandikia. Waliingia sebule ya kusubiria wakati watu arobaini na watatu wamekaa, Fundi Randa akiwemo.

"Tumesikia kuna malalamiko kuhusu dawa," alisema mwenye tai. "Tumekuja wenyewe kuwasikiliza. Semeni bila woga."

Watu arobaini na wawili wakaanza kusema. Walisema kwa mikono, kwa vichwa, kwa mishipa ya shingo. Midomo ilikwenda mbio. Mama mmoja alisimama na kujipiga kifua. Mke wa Fundi Randa alisema mengi, akimwonyesha mumewe kwa kidole. Feni ya darini ilisikika vizuri.

Mwenye tai alisubiri dakika tatu kamili, saa mkononi. Hakuna wa kusema hakuwapa nafasi.

"Wanalalamika," Fundi Randa akasema, "ila bado hayajafika."

"Wewe ni mgonjwa?"

"Mimi ni seremala."

"Haya, seremala." Akamgeukia mwenzake. "Andika: hakuna malalamiko."

Mzee wa benchi la mbele alimnyooshea karatasi aliyoiandika kwa mkono. Mwenye ubao alimrudishia kwa heshima na kumweleza kwamba karatasi zote za wagonjwa zinapitia kwa mfamasia. Mfamasia alisema amekwisha kutuma kumi na saba. Mwenye ubao akasema ndiyo maana wamekuja. Gari likaondoka.

Jumapili iliyofuata kituo kilikuwa kimefungwa, lakini mfamasia alikuwepo akihesabu maboksi, na Fundi Randa alikuwa ameitwa kupigilia upya ubao wa dirisha. Karibu saa nne, benchi la mbele, ambalo halikuwa na mtu, likasema kwa sauti ya mzee:

"Mheshimiwa, mimi simwelewi mjukuu wangu na yeye hanielewi. Nikimkataza jambo, ananisikia akiwa ameshalifanya."

Likafuata benchi la nne, kisha la pili, kisha yote pamoja, watu arobaini na wawili, kila mmoja kutoka alipokaa, baadhi wakikohoa kwanza. Mwanamke mmoja alisema aliona gari linarudi nyuma kumfuata mtoto wa jirani na sauti yake ya kuonya ilifika keshokutwa yake, mtoto akiwa ameshafungwa plasta mguuni. Mfamasia aliketi sakafuni na kuandika, akiomba samahani kwa viti vitupu pale walipomwacha nyuma. Fundi alikuwa ameshika nyundo. Kwenye mwisho wa benchi la pili, kando ya mahali pake mwenyewe, alimsikia mkewe.

"Huyu ni mume wangu, ni seremala, fundi mzuri tu. Sauti yangu inachelewa siku tano sasa na inazidi. Presha imeshuka, sikatai, nashukuru. Ila mwenzangu yuko nyuma ya nyumba siku nzima, mimi niko mbele. Siku nikimwita kwa haraka itakuwaje? Hilo tu ndilo nauliza. Ahsanteni."

Baada ya dakika tatu sauti zilikatika, na ya mwenye tai haikusikika, kwa sababu ya kwake ilikwishatoka Jumanne. Mfamasia alijaza kurasa tisa, akazituma pamoja na barua ya kuomba dawa isimamishwe. Fundi alimaliza ubao wa dirisha.

Majibu hayakuja. Dawa ilikuja, maboksi mengine, ya namba tatu tofauti zilizochanganywa kwenye rafu moja.

Mke wa Fundi Randa alifariki Alhamisi ya wiki ya kumi na moja. Saa kumi jioni Fundi alikuwa karakana akipiga randa ubao wa mlango wa mtu. Alipotoka kunywa maji, saa kumi na moja kasoro, alimkuta amelala ubavu kando ya pipa, kata ya maji imepinduka, uso umeelekea pipani na mkono mmoja umenyooshwa kuelekea karakana. Muuguzi aliyekuja alisema alianguka, akapungukiwa na pumzi taratibu, pengine nusu saa nzima. Angewahishwa, angepona. Aliuliza kama hakuita.

Fundi Randa aliangalia fremu ya mlango. Alihesabu mistari ya jambo la mwisho lililofungwa, akaongeza ya siku zilizofuata kwa mwendo ule ule, kama mtu anayekadiria ubao utakaobaki.

"Aliita," akasema. "Itafika baada ya siku arobaini na moja."

Muuguzi aliandika saa ya kifo.

Walimzika Ijumaa. Jumamosi asubuhi mlango wa jikoni ulimwambia mumewe afute miguu, maana maranda yameingia mpaka kwenye sukari. Alifuta. Shemeji yake, dada wa marehemu, aliyekuja kukaa naye kwa siku za msiba, alifunga mizigo siku ya nne, baada ya chumba cha kulala kumsema jioni nzima juu ya sufuria aliyoazima mwaka juzi.

"Kumbe alikuwa hajasahau," alisema, akivaa viatu.

"Hajasahau," Fundi alikubali.

"Nitaileta, mwambie."

"Salamu haitafika, shemeji. Kwake yeye hakuna foleni ya kurudi."

Siku ya tisa mfamasia alikuja na bahasha kubwa. Fomu zote zilikuwa zimerudishwa, kumi na saba pamoja na zile kurasa tisa, zimebanwa kwa pini moja. Alisoma barua iliyoambatana nazo akiwa amesimama uani. Ofisi ilisema kuchelewa kwa sauti ni usumbufu, si dhara. Ofisi hufungua jalada na kusimamisha dawa pale tu panapopatikana taarifa moja ya dhara kubwa, yaani kifo, iliyojazwa kikamilifu, bila kuacha kisanduku hata kimoja. Fundi Randa alisikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusomewa kitu na mwanamke mwingine.

"Kwa hiyo walikuwa wanangoja mtu afe," akasema.

"Kwa maneno yao, ndiyo."

"Amekufa. Andika."

"Nimeandika, fundi. Nimeandika kwamba alianguka, akaita, na sauti haikufika kwa sababu ya dawa. Kimebaki kisanduku kimoja. Namba ya toleo ya dawa aliyokunywa. Wakikikuta kitupu wanarudisha."

Walitafuta. Vipande vya Jumanne mbili za mwisho vilikuwepo kwenye kopo la chumvi, vyote vya katikati, safi, havina namba. Vya kabla ya hapo vilikuwa vimechomwa pamoja na maranda. Mfamasia aliukalia ukingo wa ngazi, akauangalia mkasi aliokuwa amesahau kuutoa mfukoni.

"Ni mimi niliyekata," akasema.

"Kila mtu anakata," Fundi akasema. Halafu akaangalia fremu ya mlango. "Jumanne ya tatu kurudi nyuma tangu msiba, tulivyorudi kliniki alisimama hapa mlangoni na karatasi ya dawa. Aliishika mbali na macho, hivi. Midomo ilikwenda sana. Nikachora. Mke wangu hakuacha kitu hakijasomwa, dada. Hata tarehe za makopo."

Mfamasia alisogea mlangoni. Mstari ulikuwepo, haujakatizwa. Walihesabu pamoja, yeye kwa kidole, Fundi kwa penseli.

"Keshokutwa," Fundi akasema. "Jumatatu. Saa tano hivi."

Jumatatu mfamasia aliomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno. Alifika saa nne na nusu, akakaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa jikoni, fomu ikiwa juu ya goti, kalamu mbili. Fundi alizima redio ya jirani kwa kumwomba jirani. Saa tano na dakika ishirini mlango ukaguna, kama mkewe alivyoguna kila aliposoma herufi ndogo.

"Baba Nanii, sikia haya. Vidonge kumi. Saba, wamekata. Hifadhi mahali pakavu pasipo na jua. Usizidishe kipimo. Ukiona hali usiyoielewa, mwone mfamasia wako." Hapo sauti ilicheka kidogo. "Mwone mfamasia. Halafu yeye akamwone nani? Haya. Namba ya toleo: nne, sifuri, saba, saba, kwa, tatu, moja. Mwisho wa matumizi, mwakani. Tutakuwa tumeshaizoea. Macho yangu haya, Baba Nanii, nitafutie miwani hata ya mtumba."

Mfamasia alijaza kisanduku. Alirudia namba kwa sauti, kisha akamwangalia Fundi.

"Ni hiyo," Fundi akasema. Akachora mstari wa kukatiza, akaenda karakana.

Fomu ilikuwa kamili. Haikuwa na doa. Mfamasia aliipeleka mwenyewe kwa basi la asubuhi, akapewa risiti ya kupokelewa, akamletea Fundi Randa aione. Fundi aliiangalia pande zote mbili na kuibandika kwa msumari mdogo juu ya meza yake ya kazi. Kwa wiki karibu nne alifanya kazi akiwa ameielekea. Alikuwa mtu asiyewaamini wenye ofisi tangu zamani. Alisema wanakaa kwenye viti vinavyozunguka, na mtu wa kiti kinachozunguka hakuna kinachomlazimisha kuangalia upande wako. Lakini risiti ilikuwa na muhuri, na fomu haikuwa na kisanduku kitupu, kwa hiyo akaruhusu moyo wake usubiri.

Jibu lilikuja Jumatatu ya wiki ya sita tangu mazishi. Mfamasia alilisoma pale pale karakana, kati ya randa na gundi, bila kupandisha wala kushusha sauti.

Ofisi ilimshukuru kwa umakini. Ofisi ilithibitisha kwamba fomu imejazwa yote. Hata hivyo, kwenye kisanduku cha aliyetoa namba ya toleo palikuwa pameandikwa mgonjwa mwenyewe, na kwenye kisanduku cha hali ya mgonjwa siku ya kutoa maelezo palikuwa pameandikwa marehemu. Marehemu hana sifa ya kutoa maelezo. Aidha, kuchelewa kwa sauti hakumo kwenye orodha ya madhara iliyotolewa na mtengenezaji. Madhara yasiyo kwenye orodha yana fomu yake. Fomu hiyo bado inaandaliwa. Dawa iendelee kutolewa ili wagonjwa wasikose huduma.

"Ungeandika ni mimi niliyetaja namba," Fundi akasema.

"Ungekuwa uongo, fundi."

"Ndiyo."

"Na wao wangesema hujui kusoma."

"Ndiyo," Fundi akasema tena. Akachomoa msumari, akatoa risiti, akampa. Msumari akautia kwenye kopo lake, kwa kuwa ulikuwa bado umenyooka.

Kesho yake Mganga Mkuu alimtumia mtu kuagiza mabenchi mawili. Vituo viwili vya jirani vilikuwa vimeishiwa na dawa nyingine, wagonjwa wao wakaelekezwa hapa kwenye ya kijani, na watu walikuwa wanasimama. Yalitakiwa Ijumaa. Fundi Randa alikubali, kwa sababu watu walikuwa wanasimama.

Jumatano ilikuwa siku ya arobaini na moja. Fundi alianza kazi asubuhi kama siku zote, ila aliacha mlango wa karakana wazi na kuuzuia kwa gogo. Hakuwasha redio. Hakula mchana. Saa tisa alianza kupiga randa ubao wa kukalia wa benchi la kwanza, taratibu, akisimama kusikiliza kila baada ya msukumo mmoja. Maranda yalianguka miguuni bila kelele.

Saa kumi na dakika saba pipa liliita.

"Baba Nanii!"

Aliacha randa katikati ya ubao. Hatua kumi. Alizikimbia zote, mzee wa miaka sitini na mitatu, akajikwaa kwenye gogo lake mwenyewe, akafika na kupiga magoti pale pale palipokuwa na mkewe.

"Nimekuja," akasema.

"Baba Nanii, njoo mara moja. Nimeanguka."

"Niko hapa."

Sauti ilikuwa chini, karibu na ardhi. Ilipumua. Iliita tena, ndogo zaidi, na tena. Kwa mbali nyuma yake hapakuwa na mlio wa randa, maana randa ilipigwa siku ile na kusikika siku ile. Kisha sauti ikanyamaza kuita. Fundi alisogeza sikio. Alidhani imekwisha. Lakini mkewe alikuwa amelala ameelekea pipa, na pipa lina maandishi, meupe, yaliyochakaa, ambayo kwa miaka yote kumi na miwili ya kuwepo uani hapo yalikuwa chini mno, hakuna aliyeyainamia.

"Mafuta ya mashine," sauti ikasoma. "Lita mia mbili. Usikaribishe moto. Upande huu juu." Ikapumzika. "Hapa pamechubuka, sioni vizuri. Kitu fulani... uangalifu. Beba kwa uangalifu." Ikapumzika muda mrefu. "Ndiyo hayo tu yaliyoandikwa. Baba Nanii, ukimaliza huo ubao, uje."

"Nimekuja," akasema Fundi Randa.

Alibaki amepiga magoti mpaka jua likaondoka uani. Kwa kidole alifuata maandishi ya pipa, mstari kwa mstari, sasa anajua yanasema nini. Pale palipochubuka alipapita polepole. Halafu akaenda kwenye fremu ya mlango, akachora mstari wa kukatiza wa mwisho, akarudi karakana, akapuliza maranda kwenye ubao na kuendelea palipokuwa na alama ya randa.

Mabenchi yalikuwa tayari Ijumaa. Jumanne dirisha la dawa lilifunguliwa saa mbili na dakika kumi. Mfamasia alikuwa akikata vidonge na kuandika namba ya toleo kwa kalamu kwenye kila bahasha, jambo lililopigwa marufuku kwa tangazo lililobandikwa juu ya kichwa chake, kwa maelezo kwamba linachelewesha foleni. Wagonjwa hamsini na saba walikuwa wamekaa, midomo yote ikienda. Mganga Mkuu alipita, akalitikisa benchi jipya kwa mkono, akaona haliyumbi. Akauliza kama kuna mwenye shida yoyote. Akasubiri kidogo, kama mtu mwenye adabu, kisha akaendelea na safari yake.

Fundi Randa, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi hilo, alitoa penseli sikioni, akainama, akachora mstari wa kwanza ubavuni mwa benchi.